Ekra Ikiwa Nyeusi, Majina Yetu Hayajapotea

Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wamemba, Salamabila

 

Komite iliniomba niseme juu ya jambo moja ambalo linaonekana dogo: tufanye nini siku ile tunawasha kompyuta ya biro, na ekra, yaani kile kioo, inabaki nyeusi. Wengine watasema hiyo ni kazi ya sekretere na fundi. Hapana. Ni kazi yetu sisi wote, na nitaeleza sababu kabla hatujagusa kable hata moja.

Ndani ya mashini kuna nini

Ndani ya mashini yetu kuna liste ya familia zilizorudi, avenue kwa avenue. Kuna michango ya kila mwezi. Kuna hesabu za AVEC: nani alichukua mkopo, nani amerudisha, nani amebakiza. Kuna picha za karatasi za mashamba ambazo wengine wenu mlikimbia nazo mkiwa mmezifunga ndani ya kitambaa.

Watu wa hapa walipotoroka mapigano ya 2019 na 2020, wengi waliandikwa kwenye liste nyingi: liste ya kijiji walichofikia, liste ya kanisa ama msikiti, liste ya shirika fulani. Kila aliyepita njia ile anajua maana ya jina kukosa. Jina likikosa, hakuna bashi, hakuna mbegu, na unaambiwa urudi kesho. Njo maana siku ekra inakuwa nyeusi, hasa wiki ya kugawa, watu hawaoni kioo kibovu. Wanaona majina yamefutwa. Halafu maneno yanaanza: "Kesiye amefuta ili watu wasijue." "Wamekula." Kwa siku mbili tu, shirika lililojengwa kwa miaka linaanza kupasuka, na mashini yenyewe pengine haina ugonjwa wowote.

Kwa hiyo tushike jambo hili kwanza kabisa. Ekra haihifadhi kitu. Ekra ni dirisha tu. Majina yako ndani ya lile sanduku la mashini, juu ya kifaa kinachoitwa diski. Ukifunga dirisha la nyumba, watu walio ndani hawajafa. Hata ekra ikianguka ikavunjika vipande vipande, diski ikiwa nzima, majina yapo.

Hapo tunapata sheria yetu ya kwanza: ekra ikiwa nyeusi, mtu asilaumiwe, mashini isitoke biro, na pesa isilipwe, mpaka tumepita hatua zote nitakazozisema. Zinachukua kama nusu saa, na hazihitaji diploma. Zinahitaji macho, mikono na uvumilivu.

Hatua ya kwanza: tazama taa

Kila ekra ina taa ndogo, mara nyingi chini upande wa kulia, karibu na butoni ya kuwashia. Taa hiyo inasema mengi.

Kama haiwaki kabisa, ekra haipati umeme, ama imezimwa. Kama inawaka rangi ya machungwa, ama inawaka na kuzima polepole, ekra iko na umeme lakini haipokei kitu kutoka kwa mashini. Iko macho, inangoja. Kama inawaka buluu, kijani ama nyeupe bila kutikisika, na bado kioo ni cheusi, basi shida inaweza kuwa ndani ya ekra yenyewe, ama mwanga umeshushwa hadi mwisho. Lakini si ekra zote zina rangi moja. Muangalie ile yetu siku iko mzima, muandike rangi yake ukutani, ili siku ya ugonjwa mjue tofauti.

Hatua ya pili: fuata umeme

Kama taa haiwaki, usianze na mashini. Anza na prizi. Chomoa ekra, kisha chomeka telefone mahali pale pale. Telefone ikikataa kujaa, shida ni ya prizi ama ralonji, si ya ekra. Telefone ikijaa, badilisha kable ya umeme ya ekra: mara nyingi ile ya sanduku na ile ya ekra zinafanana kabisa, na unaweza kuzibadilishana ili ujue. Sukuma pia kichwa cha kable nyuma ya ekra mpaka kiingie chote. Mara nyingi kimelegea tu, kwa sababu mtu alivuta meza wakati wa kufagia.

Hapa Salamabila hatuna nguzo za umeme wa mji zinazoingia biro. Tunaishi na pano za jua, betri na konvertisere, ama gurupe. Hiyo inaleta magonjwa yake. Betri ya volti 12 ikishuka mpaka chini ya volti 11, imechoka, na konvertisere inaanza kulia au kujikata. Ekra ya kisasa ya ukubwa wa kawaida inavuta kama wati 20 hadi 30 tu, lakini emprimanti ya laser ikianza kupata joto inavuta wati mia kadhaa kwa mara moja. Kwa hiyo ukiona ekra inazimika kila mara unapotoa karatasi, usitafute ugonjwa ku ekra. Konvertisere imelemewa.

Neno moja kuhusu vifaa vinavyotoka mbali. Huko Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120. Kwetu Kongo ni volti 220. Nyuma ya kila ekra kuna karatasi ndogo iliyobandikwa. Ikiwa imeandikwa 100-240, haina shida. Ikiwa imeandikwa 110 ama 120 peke yake, usichomeke, utaiunguza. Nyuma ya masanduku mengine ya zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Lazima isome 230 kabla ya kuchomeka, na mtoto asiichezee.

Hatua ya tatu: kable ya picha

Kama taa iko rangi ya machungwa, umeme upo, na tunatazama kable inayobeba picha kutoka kwa sanduku hadi ekra. Ekra nyingi tulizopewa zinatumia kable yenye kichwa cha buluu na skurubu mbili, inaitwa VGA. Ni ya zamani, ilitoka kwa IBM mwaka 1987, lakini bado inafanya kazi. Mashini mpya zaidi zinatumia HDMI, kichwa chembamba bila skurubu.

Zima vyote viwili. Chomoa kable pande zote. Angalia sindano za ndani ya kichwa cha buluu. Ziko safu tatu, tano tano, jumla mahali 15. Kama moja imepinda, inyoshe polepole na ncha ya kalamu isiyo ya chuma. Na musishtuke mkiona sindano moja haipo katika safu ya katikati: kable nyingi zinatengenezwa bila sindano namba 9 tangu kiwandani. Si mtu aliyeivunja, na si sababu ya kununua kable ingine.

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, rudisha kable, kaza skurubu kwa vidole. Halafu angalia nyuma ya sanduku: kuna mashini zenye mahali pawili pa kuchomeka picha. Pamoja pako juu, karibu na prizi za kibodi. Pengine pako chini, pamelala. Kama pale pa chini papo, kable inaingia pale, kwa sababu njo mlango wa karte ya picha. Ukichomeka pale pa juu, mara nyingi ekra inabaki nyeusi, hata kama kila kitu ni kizima.

Hatua ya nne: mlango wa ekra

Ekra nyingi zina milango miwili ama mitatu, na zinasikiliza mlango mmoja tu kwa wakati mmoja. Kama kable yako iko ku VGA na ekra inasikiliza HDMI, haitaona kitu. Chini ama pembeni ya ekra kuna butoni iliyoandikwa "Source" ama "Input". Ibonyeze mara moja, ngoja sekunde tano, bonyeza tena, mpaka umezunguka milango yote. Kama ekra inaandika kwamba hakuna kitu inachopokea, hiyo ni habari njema: kioo kinaweza kuonyesha maandishi, basi kioo si kibovu.

Hatua ya tano: je, sanduku liko hai?

Sasa tunauliza sanduku lenyewe. Weka sikio: feni inazunguka? Bonyeza kifungo cha herufi kubwa ku kibodi, kile chenye kitaa chake. Kama kitaa kinawaka na kuzima kila ukibonyeza, mashini inafikiri, iko kazini, inakosa tu mahali pa kuonyesha. Hapo usikate umeme ghafula, kwa sababu pengine fishie ya liste iko wazi. Kama unatumia Windows, bonyeza kifungo chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, kisha ngoja: pengine picha ilitumwa kwa ekra ingine ambayo haipo. Ukirudia mara chache, picha inaweza kurudi.

Kama kitaa hakijibu na feni inazunguka, zima sanduku kwa kushika butoni sekunde kumi. Chomoa umeme. Shika butoni tena sekunde 30 bila umeme, ili umeme uliobaki ndani uishe. Ngoja kidogo, rudisha, washa. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Hatua ya sita: ekra ya kuazima

Njo hatua ninayoipenda zaidi, kwa sababu inamaliza ubishi. Chukua ekra ingine mzima, uiweke ku sanduku letu. Hatuna ekra ya pili? Televizyo bapa ya nyumba ya sinema ina mlango wa HDMI, na nyingine zina VGA pia. Mwenye nyumba ya sinema ni jirani. Dakika kumi kabla ya wateja kufika hazimuharibii kitu. Chukua pia kompyuta ya mkononi ya mwalimu, uichomeke ku ekra yetu.

Hesabu ni rahisi. Televizyo ikionyesha picha ya sanduku letu, basi sanduku ni zima na ekra ni mgonjwa. Ekra yetu ikionyesha picha ya mashini ya mwalimu, basi ekra ni mzima na shida iko ku sanduku. Vyote viwili vikifanya kazi, basi ni kable. Na jambo kubwa: picha ikitokea ku televizyo, hapo hapo, mbele ya komite, fungueni liste, watu waone majina yao kwa macho yao. Halafu mchukue kopi ku kle. Uvumi unakufa siku ile ile.

Hatua ya saba: torshi

Kama umejua ni ekra, fanya jaribio la mwisho. Acha ekra ikiwaka, zima mwanga wa chumba, umulike kioo na torshi kutoka pembeni, karibu kabisa. Ukiona picha hafifu sana, kama kivuli, basi ekra inachora picha lakini taa yake ya nyuma imekufa. Huo ni ugonjwa wa ekra peke yake. Fundi anaweza kuutengeneza, ama tunatafuta ekra ingine. Sanduku halihitaji kuguswa.

Hatua ya nane: barete

Kama ni sanduku, na linalia pi, pi, pi likiwashwa, mara nyingi barete ya memwari imelegea au imeshika vumbi na unyevu. Kazi hii afanye mtu aliyeonyeshwa, si kila mtu. Umeme uchomolewe kabisa. Mtu aguse kwanza chuma cha sanduku ili umeme wa mwili utoke. Atoe barete, asugue meno yake ya dhahabu taratibu kwa gome safi ya kufutia kalamu, apulize mabaki, airudishe mpaka pande zote mbili zifunge.

Mwisho ni hapo. Kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme ndani ya mashini, msikifungue. Ekra za zamani zenye mgongo mkubwa, msizifungue. Vinabakiza umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Jambo lililotokea jirani

Nitasema jambo moja, bila kutaja jina la mtu wala la kijiji. Shirika fulani katika eneo letu lilipata ekra nyeusi. Hawakufanya hata hatua moja. Walifunga sanduku ku pikipiki, wakalisafirisha njia ya mvua na matope hadi mjini. Fundi akasema karte ya ndani imekufa, akachukua pesa, na akaformate diski, yaani akafuta yote na kuanza upya. Sanduku likarudi, likachomekwa, ekra ikabaki nyeusi vile vile. Mwishowe ilionekana ni kable. Kable! Na liste zote zilikuwa zimeisha. Wale mama waliokuwa wamemaliza kulipa mikopo yao walikosa ushahidi, na mpaka leo wengine hawasalimiani.

Kwa hiyo sheria ya pili: kuformate hakuponyi ekra nyeusi. Fundi yeyote akitaja neno hilo, mwambieni asimame kwanza. Sanduku likilazimika kwenda Kasongo ama kwingine, diski itolewe na ibaki hapa mikononi mwa komite, ama kopi yake iwe tayari imechukuliwa mbele ya mashahidi.

Kuzuia ni bora

Gurupe ikiwashwa, mashini iwe imechomolewa. Acheni gurupe itulie dakika chache, ndiyo mchomeke. Ikikaribia kukata mafuta, zimeni mashini kwanza. Mvua ya radi ikianza, chomoeni kila kitu, pamoja na waya unaotoka ku pano. Vumbi la barabara yetu mnalijua: funikeni ekra kwa kitambaa jioni, si wakati inafanya kazi, juu inahitaji kupumua. Na kioo kisifutwe na maji ya kumwaga. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha, ekra ikiwa imezimwa.

Lakini hata tukifanya yote hayo, mashini ni mashini. Siku moja itakufa kweli. Ndiyo maana nasisitiza kopi. Kle mbili: moja kwa sekretere, moja kwa mtu ambaye hakai nyumba moja naye. Kila mwisho wa mwezi, kopi mpya. Na daftari la karatasi lenye majina na michango, lililotiwa sahihi, lisiachwe eti kwa sababu tumepata kompyuta. Wale waliokimbia na daftari chini ya nguo walitufundisha hilo zamani.

Kwa wafadhili wetu, ombi ni dogo. Mkituletea mashini, tuleteeni pia kable ya pili ya picha, stabilizatere na kle. Vitu hivi vinagharimu kidogo sana kuliko mashini, na ukosefu wake ndio unafanya mashini nzima ihesabiwe kuwa imekufa. Na mkilipa mafunzo, yafanyike hapa hapa, ku mashini ile ile tunayotumia.

Ninyi wamemba, napendekeza mkutano ukubali mambo matatu leo. Moja, hatua hizi nane ziandikwe kwa herufi kubwa na zibandikwe ukutani mwa biro. Mbili, wachaguliwe watu wanne wa kuzifanya, wawili mama na wawili vijana, na siku ya shida wawili wawepo pamoja, mtu asiwe peke yake na mashini. Tatu, mmemba yeyote awe na haki ya kuomba kuona jina lake, ku ekra ama ku daftari, siku yoyote ya biro.

Tukishika hayo, siku ekra itakuwa nyeusi tutasema tu: "Tuangalie taa." Hakuna atakayekimbilia kwa shefu kumshitaki jirani yake.

Sasa mashini iko hapa mezani. Nimechomoa kitu kimoja. Mama mmoja na kijana mmoja waje mbele, waanze na hatua ya kwanza, na sisi wengine tutazame.